Klabu ya kuogelea ya jamii: maswali ambayo wazazi na waogeleaji chipukizi huuliza mara kwa mara

Maswali haya ndiyo tunayoulizwa ukingoni mwa bwawa karibu kila msimu mpya unapoanza. Mengi yanatoka kwa wazazi, machache kwa watoto wenyewe. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye jambo linalokukera. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Kabla ya kujiunga

Mtoto aanze mazoezi ya mashindano akiwa na umri gani?

Hatuangalii umri kwanza, tunaangalia anavyojimudu majini. Watoto wengi huwa tayari wakiwa kati ya miaka 7 na 9, kwa sababu wakati huo wanaweza kusikiliza maelekezo, kupanga foleni kwenye njia moja na wenzao, na kukumbuka seti, yaani mfululizo wa umbali wa kuogelea, aliyoitaja kocha. Aliyeanza akiwa na miaka 12 au 13 hajachelewa. Huwa anashika mbinu haraka kwa kuwa anaelewa sababu ya kila anachoambiwa. Mwili wake tu ndio utakaohitaji muda kuzoea wingi wa mazoezi.

Je, lazima awe anajua kuogelea?

Ndiyo. Klabu ya mashindano haichukui nafasi ya darasa la kujifunza kuogelea. Anayekuja kwetu awe anaweza kuogelea mita 25 za mtindo huru bila kushika ukingo, kuelea chali na kutulia, kutoa pumzi akiwa ameuzamisha uso, na kuingia kina kirefu bila kushtuka. Hatudai apendeze machoni. Hilo ni kazi yetu.

Anaogopa kina kirefu. Nimlete hivyo hivyo?

Mlete tuzungumze, lakini asianzie kwenye kundi la mashindano. Hofu ya maji haiondoki kwa kusukumwa wala kwa kuaibishwa mbele ya wenzake. Inaondoka mtoto anapogundua kwamba akilala chali na kutoa pumzi taratibu, maji yanambeba. Mwalimu mmoja mwenye subira, maji ya kina kifupi na vipindi vifupi vya mara kwa mara humfaa zaidi. Na tunawaomba wazazi: msimtanie kwa sababu ya hofu hiyo, hata nyumbani.

Ada inalipia nini?

Sehemu kubwa inakwenda kwenye kukodi njia za bwawa na kuwalipa makocha. Ada ya kushiriki mashindano hulipwa kando, kwa sababu huhesabiwa kwa kila mbio mtoto anayoandikishwa. Kama hali ni ngumu, mwambie mweka hazina mapema na kwa siri. Klabu ya jamii ipo ili mtoto asiachwe nje kwa sababu ya pesa.

Anunuliwe vifaa gani?

Miwani ya kuogelea isiyovuja, kofia, vazi la kuogelea linalobana bila kuumiza, taulo na chupa ya maji. Vibao vya kupigia miguu, maboya ya kubana mapajani na mapezi huwa ni vya klabu. Ukijaribu miwani, mwekee machoni bila mkanda na uibonyeze kidogo. Ikishikilia kwa sekunde chache, inamtosha.

Vazi la mbio, lile la bei kubwa, mwachie aliyekwisha kukua na anayepigania sehemu za sekunde. Mtoto wa miaka 9 atapunguza muda wake mara nyingi zaidi kwa kujifunza kujisukuma vizuri ukutani. Mwenye nywele nyingi au misokoto asihangaike na kofia ndogo, maana kofia kubwa zipo. Aina ya Soul Cap ilikataliwa na shirikisho la kimataifa mwaka 2021, ikaruhusiwa mwaka 2022.

## Mazoezi

Wiki moja ina vipindi vingapi?

Kundi la wadogo huanza na vipindi 2 au 3 vya dakika 45 hadi saa moja. Vinaongezeka kidogo kidogo kadiri mtoto anavyokua na anavyotaka mwenyewe. Vijana wanaolenga mashindano makubwa huogelea karibu kila siku, wengine asubuhi kabla ya masomo. Mtoto mdogo asiige ratiba ya kaka au dada yake mkubwa. Mabega yake hayajafika huko.

Kipindi kimoja kinaendaje?

Wanaanza kwa kunyoosha viungo nje ya maji, kisha wanaogelea polepole ili mwili upate moto. Baada ya hapo huja mazoezi ya mbinu, ambayo kila moja linashughulikia kitu kimoja tu: kiwiko kilichoinuka, kichwa kilichotulia, miguu isiyozama. Kisha seti kuu, na mwisho kuogelea taratibu ili mapigo ya moyo yashuke.

Seti kuu husomwa kwa saa ya ukutani. Kocha akisema «mara 8 mita 50, kila dakika 1 na sekunde 15», maana yake mtoto anaondoka tena kila dakika 1 na sekunde 15 zinapotimia, awe amefika mapema au amechelewa. Akifika kwa sekunde 55, anapumzika sekunde 20. Kusoma saa hii ni somo lenyewe, na mtoto anayeijua hujitegemea. Unaweza kumsaidia kwa kucheza naye hesabu za sekunde mkiwa njiani.

Mbona wanarudiarudia mambo ya msingi badala ya kushindana?

Hili ndilo swali tunalolijibu kwa moyo wote, kwa sababu namna tunavyofundisha inasimama hapa. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Mkimbiaji mwenye nguvu na mbinu mbovu bado atasonga, lakini mwogeleaji wa aina hiyo anatumia nguvu zake kuyasukuma maji yanayomzuia yeye mwenyewe. Kichwa kikiinuka, nyonga zinashuka. Nyonga zikishuka, mtoto anapanda mlima safari nzima, na kadiri anavyojikaza ndivyo maji yanavyomrudisha.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 tunamfundisha kwanza kunyooka: mikono juu ya kichwa, kiganja kimoja juu ya kingine, masikio katikati ya mikono, vidole vya miguu vimenyooshwa. Anajisukuma ukutani na kuteleza bila kupiga mkono. Kwa mzazi aliye jukwaani inaonekana kama mchezo. Lakini mwogeleaji huwa na kasi kubwa kabisa anaporuka na anapojisukuma ukutani, na asiyejua kunyooka anaipoteza kasi hiyo kabla hajapiga mkono wa kwanza.

Kosa lililozoeleka kwa miaka 4 ni gumu mno kulitoa. Ndiyo maana tunakubali mtoto achelewe kushinda ilimradi asijifunze vibaya.

Anaweza kufanya mazoezi ya nguvu nje ya maji?

Ndiyo, kwa kutumia uzito wa mwili wake: kuchuchumaa, kujiinua kwa mikono, kuimarisha tumbo na mgongo, na kamba za mpira kwa mabega. Vyuma vinakuja baadaye, chini ya uangalizi wa mtu anayejua.

Wanashindana kushika pumzi chini ya maji. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na klabuni ni marufuku. Mtoto akivuta pumzi nyingi za haraka kisha akazama, anapunguza kabonidaioksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu ahisi haja ya kupumua. Oksijeni inaweza kumwishia bila onyo lolote, akazimia kimya akiwa majini. Imewapata hata waogeleaji hodari. Mazoezi ya kupiga mateke ya pomboo (miguu miwili kwa pamoja, mwili ukiyumba kama wa pomboo) chini ya maji hufanyika kwa umbali mfupi, kwa mapumziko ya kutosha, na kocha akimwangalia kila mmoja. Mwambie asiufanye mchezo huu popote pengine.

Ale nini, alale kiasi gani?

Mlo kamili saa 2 hadi 3 kabla ya mazoezi, kitu chepesi cha wanga kikikaribia kipindi, na chakula chenye protini baadaye. Anywe maji; mwogeleaji hutoka jasho ingawa halionekani. Usingizi ni saa 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Ukilazimika kuchagua kati ya kipindi cha alfajiri na usingizi wa mtoto aliyechoka, chagua usingizi.

## Mashindano

Kuna mitindo na mbio gani?

Mitindo ni minne: huru, chali, chura na kipepeo. Mbio za mitindo mchanganyiko, mtu mmoja akiogelea yote, hufuata mpangilio wa kipepeo, chali, chura, kisha huru. Katika mbio za kupokezana za mitindo mchanganyiko, kila mmoja akiogelea mtindo wake, mpangilio ni chali, chura, kipepeo, huru. Anatangulia wa chali kwa sababu yeye huanzia ndani ya maji. Akiwekwa katikati, mwenzake angekuwa anafika ukutani palepale anapoondokea yeye.

Watoto huanza na mita 25 au 50. Mita 200, 400 na zaidi huja baadaye.

Kwa nini muda wake wa bwawa la mita 50 ni mbaya kuliko wa mita 25?

Si mbaya, ni wa bwawa jingine. Mbio za mita 100 zina migeuko mitatu kwenye bwawa la mita 25, lakini mmoja tu kwenye la mita 50. Kila mgeuko unampa nafasi ya kujisukuma, na kujisukuma kuna kasi kuliko kuogelea. Ndiyo maana hata rekodi za dunia huandikwa kando kwa kila aina ya bwawa. Linganisha la 25 na la 25, la 50 na la 50.

Nani anapangwa njia ipi?

Hupangwa kwa muda walioandikishwa nao. Kwenye bwawa la njia 8, mwenye muda bora katika kundi huwekwa njia ya 4, anayemfuata njia ya 5, kisha ya 3, hivyo hivyo hadi pembeni. Asiye na muda rasmi huogelea katika makundi ya mwanzo. Mbio za kwanza za mtoto ndizo zinazompatia muda huo, basi asione aibu kuwa njia ya 8.

Ameogelea vizuri halafu matokeo yake yakafutwa. Kosa ni nini?

Mwamuzi huandika sababu, na kocha atakuonyesha. Kwa watoto, makosa ni yale yale:

Kwenye chura na kipepeo, ukuta lazima uguswe kwa mikono miwili kwa pamoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Mtoto mwenye haraka hugusa kwa mmoja. Kwenye chura tena, miguu miwili inapaswa kwenda sawa. Mguu mmoja ukipiga kama mkasi, kazi imeharibika. Teke la pomboo kwenye chura linaruhusiwa mara moja tu, baada ya kuanza na baada ya kila mgeuko, kabla ya teke la kwanza la chura.

Kwenye chali, anaruhusiwa kulala kifudifudi anapokaribia kugeuka, lakini asibaki akiteleza hivyo. Avute mkono na kupiga pindu mfululizo. Kumaliza lazima amalize akiwa chali. Bendera zilizoning'inizwa mita 5 kutoka ukutani zimewekwa ili ahesabu mikono iliyobaki bila kugeuza kichwa. Katika huru, chali na kipepeo, kichwa kiwe kimetokeza juu ya maji kabla ya mita 15 baada ya kuanza au kugeuka.

Kuanza kabla ya ishara kunamtoa mtu hapo hapo, hata ikiwa ni mara ya kwanza, hakuna onyo. Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi huliona kosa na si kosa: katika mtindo huru, mtoto aliyechoka akisimama sakafuni haondolewi, ilimradi asitembee wala asijivute kwa kamba ya njia. Mwambie hivyo kabla ya mbio zake za kwanza. Utaona mabega yake yanavyolegea.

Kufutiwa matokeo si adhabu. Ni taarifa kwamba tumepata kitu cha kufanyia kazi wiki ijayo.

Mimi mzazi nifanye nini siku hiyo?

Mlete mapema, mpe chakula na maji, mshangilie, na uyaachie mafundisho mdomo wa kocha. Mtoto anayeelekezwa na watu wawili kwa pamoja huingia majini na kichwa kilichojaa. Akitoka, swali zuri la kwanza ni «ulijisikiaje?» Ukitaka kusaidia zaidi, jitolee kutunza muda; utajifunza mchezo huu kwa kasi usiyoitegemea.

## Muda unapogoma kushuka

Ana miezi kadhaa, muda haushuki. Kocha amekosea?

Inawezekana, na una haki ya kuuliza. Lakini mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi. Ya kwanza ni uchovu: katikati ya msimu mazoezi huwa mengi, na mwili hauonyeshi faida hadi upumzishwe. Kabla ya mashindano makuu kocha hupunguza mazoezi kwa makusudi, na hapo ndipo sekunde hushuka. Ya pili ni kubadilisha mbinu. Mtoto anayerekebishwa mkono huwa na mwendo mdogo kwa muda, kwa sababu anafikiria kile alichokuwa akifanya bila kufikiri.

Ya tatu ni kukua. Mikono na miguu ikirefuka ghafla, mizani ya mwili majini hubadilika na mtindo uliokuwa laini unavurugika. Kwa kawaida wasichana hupitia hatua hii mapema kuliko wavulana kwa takriban miaka 2. Msichana aliyekuwa akishusha muda kila mwezi akiwa na miaka 11 anaweza kukwama akiwa na 13, na hakuna alichokosea. Huu ndio wakati wengi huacha, na ndio wakati maneno ya mzazi yana uzito kuliko ya kocha. Usimlinganishe na alivyokuwa mwaka jana. Msifu kwa migeuko yake, kwa kuwahi, kwa kumsubiri mwenzake mdogo.

Hatumpimi mtoto uzito, wala hakuna kocha wetu anayeruhusiwa kuutaja mwili wake mbele ya wenzake. Ukisikia vinginevyo, tuambie siku hiyo hiyo.

Mwenzake wa umri huo huo anamshinda kila mara.

Huenda wamezaliwa mwaka mmoja lakini miili yao imepishana miaka 2 au 3. Aliyebalehe mapema ana mikono mirefu na misuli zaidi leo; tofauti hiyo hupungua wengine wanapokua. Tunza daftari la muda wake bora binafsi kwa kila mbio, na ulisome hilo kabla ya kuangalia ubao wa matokeo.

Abobee mtindo mmoja?

Kabla ya ujana, hapana. Mitindo minne huyatumia mabega kwa namna tofauti na kumpa hisia pana ya maji. Mtoto wa chura wa leo anaweza kuwa wa kipepeo baada ya miaka 3.

## Afya na usalama

Bega linamuuma. Aendelee?

Asiendelee na kinachouma. Misuli iliyochoka huuma pande zote mbili na hutulia baada ya siku moja au mbili. Maumivu ya mahali pamoja, yanayorudi kila anapoinua mkono, yanahitaji kuonwa na daktari. Kocha anaweza kumpa kazi ya miguu wakati huo. Kuficha maumivu ili asikose mashindano kumeharibu mabega mengi.

Ana pumu.

Wengi wenye pumu huogelea vizuri, kwa kuwa hewa ya juu ya maji ina unyevu. Tujulishe, na dawa ya kuvuta iwe ukingoni, isiwe ndani ya mkoba uliofungwa. Wale wanaoshindana ngazi za juu wahakikishe na daktari kwamba dawa yao inaruhusiwa na kanuni za kuzuia dawa za kuongeza nguvu michezoni. Mwenye kifafa anahitaji ruhusa ya daktari na mtu wa kumwangalia yeye peke yake.

Harufu kali ya bwawani ina maana klorini ni nyingi?

Mara nyingi maana yake ni kinyume. Harufu ile, pamoja na macho kuwasha, hutokana na klorini iliyoungana na jasho na mkojo. Ndiyo sababu kila mtoto anaoga kabla ya kuingia na anaruhusiwa kwenda chooni wakati wowote bila kuuliza mara mbili.

Asije lini?

Akiwa na homa, kuhara, kidonda kibichi au sikio linalouma. Aliyehara asiingie majini hadi kuhara kukome kabisa. Daktari akisema ni kriptosporidia, asubiri wiki 2 zaidi, kwa sababu kimelea hicho hustahimili klorini. Masikio yakaushwe kwa taulo baada ya kila kipindi, bila vijiti vya pamba.

Akiwa katika hedhi anaweza kuogelea?

Anaweza, kwa kutumia tamponi, kikombe cha hedhi au vazi maalumu la kuogelea la hedhi. Asipojisikia kuingia, hadaiwi maelezo. Kocha wa kike yupo wa kuzungumza naye.

Nani anawaangalia watoto wetu?

Mwokoaji yupo ukingoni muda wote, na kazi yake haiunganishwi na ya kocha. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali palipofungwa. Simu hazitumiki vyumba vya kubadilishia nguo. Kocha hamwandikii mtoto ujumbe wa faragha. Mzazi huwamo kwenye mawasiliano kila mara. Ngurumo ikisikika, wote wanatoka majini na kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

## Hali za pekee

Mtoto wangu ana ulemavu. Kuna nafasi?

Ipo, mazoezini na kwenye mashindano. Waogeleaji hupangwa kwa madaraja: S1 hadi S10 kwa ulemavu wa viungo, S11 hadi S13 kwa uoni, na S14 kwa ulemavu wa akili. Asiyeona hugongwa kidogo kwa fimbo yenye ncha laini anapokaribia ukuta, na asiyesikia huanza kwa ishara ya taa. Njoo tuzungumze na mtoto mwenyewe kuhusu kinachomsaidia.

Dini yetu inataka astirike.

Mazoezini avae vazi la kuogelea linalomstiri, ilimradi kitambaa kisijae maji na kumvuta chini. Kwa mashindano tuarifu kabla ya kuandikishwa, ili tupate kibali cha mwamuzi mkuu kwa maandishi badala ya kubishana ukingoni.

Ana mitihani.

Mpunguzie vipindi, usimkatishe. Vipindi 2 kwa wiki hulinda hisia ya maji.

Anasema anataka kuacha.

Msikilize kwanza bila kujibu. Jaribu kujua kama ni uchovu, ugomvi na mwenzake, kocha, au muda uliokwama (tazama sehemu ya «Muda unapogoma kushuka»). Akichoka, mapumziko ya wiki chache hayamharibii kitu. Akiwa ameogopeshwa na mtu, tuambie mara moja. Na akiwa amependa mchezo mwingine, mruhusu aende, mlango hatuufungi.

Tunahama. Tufanyeje?

Omba kwa katibu orodha ya muda wake rasmi, ikionyesha tarehe na urefu wa bwawa kwa kila mbio, pamoja na barua ya kwamba hadaiwi. Klabu mpya ikishampokea, usajili wake kwenye shirikisho huhamishwa, na kati ya hapo huenda asiruhusiwe kushindana kwa jina la klabu yoyote, hivyo anzeni mapema kabla ya msimu.